Nesi na Likizo Zake za Moroko

Watu wa kwetu hawaendi likizo. Wanakwenda nyumbani, wanakwenda mazikoni, wanakwenda harusini, na wakiumwa sana wanakwenda kwa mganga Handeni. Lakini mtu kufunga begi, kupanda ndege, kwenda nchi ambako hana mjomba wala biashara wala kesi, akakaa huko, kisha akarudi na kusema "nilikuwa napumzika", huyo kwetu anatazamwa. Basi na mimi nilimtazama. Nilianza kumtazama mwaka 2008, na mpaka 2014 nilikuwa sijamaliza.

Sote tulimwita Nesi. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani, hayo siyasemi kwa sababu siyajui, na niliyoambiwa na Mama Zuhura siyaamini. Mama Zuhura ni Mzanzibari aliyekuwa akikaanga vitumbua mlangoni pa jengo letu hapa Berea, Jozi, na habari za jengo zima zilipita kwenye karai lake kabla ya kutufikia wenyewe. Yeye alisema Nesi ana mume wa siri. Siku nyingine alisema ana mtoto wa siri. Mafuta yakichelewa kupata moto, Nesi alikuwa na yote mawili.

Tulikaa ghorofa ya nne, mlango wake unatazamana na wangu. Mimi niliishi na binti yangu Rehema, anayesuka nywele saluni. Mama yake tulimzika Tanga, na Jozi hii yote sikuwa na damu yangu nyingine. Kazi yangu ni kuuza kofia na kanga kule Newtown, na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kama nimeandika kitu hapa hakijakaa sawa, msomaji akikalishe mwenyewe aendelee. Mtu anayeuza kofia anakaa kutwa nzima akitazama vichwa vya watu. Macho yakizoea hivyo, hata jioni hayapumziki.

Kazi ya Nesi ilikuwa kulea wazee wa Kizungu huko Sandton. Wale ambao watoto wao wako ng'ambo, au wako Sandton hiyohiyo lakini hawana nafasi. Anawaogesha, anawageuza, anawalisha, na wakifa anawafumba macho. Alikuwa mpole nao mno. Rehema aliwahi kumfuata kazini siku moja akarudi akasema, "Baba, Nesi anamwimbia yule bibi." Nikasema anamwimbia nini. "Sijui, lakini bibi anacheka." Nyumba zile zina mbwa, zina waya za umeme juu ya ukuta, na Nesi alikuwa na funguo zake zote kwenye mkufu shingoni. Watu wa ukuta mrefu walimwamini. Yeye hakumwamini mtu.

Nasema hakumwamini mtu na sitii chumvi. Akitoka asubuhi anafunga mlango, anausukuma kwa bega, anashuka ngazi, halafu unamsikia anapanda tena kuja kuusukuma. Lifti yetu ilikufa zamani, na huyo alikuwa mtu mzima mwenye mwili, lakini atapanda ghorofa zote nne kuja kusukuma mlango ambao keshausukuma. Njiani mkoba anaubeba mbele, kama mama aliyebeba mtoto kifuani. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, hata zikimruhusu, anasubiri kwanza dereva amtazame usoni. Chakula ambacho hakukiona kikipikwa hali. Sikukuu tulimwalika, akaja mapema, akasimama jikoni mpaka wali ukaiva. Rehema alidhani amekuja kusaidia. Mimi nikamwambia, "Mwanangu, huyo anatulinda tusimtilie kitu."

Ukimuuliza jambo, jibu lake lilikuwa, "Sijui." Ukisema itakuwaje hujui, anasema, "Sijui ni jibu zima, Baba Rehema. Wewe unataka la nusu?" Utamfanya nini mtu kama huyo.

Sasa mtu wa hivyo, utasema ana roho ya jiwe. Mwaka 2008, wenyeji waliposhika marungu wakitusaka sisi wageni wanaotuita makwerekwere, watu walikimbia kutoka vitongojini wakaja mjini na godoro kichwani. Jioni moja ikafika familia ya Warundi chini ya jengo letu, mume, mke na watoto, hawamjui mtu. Sisi wenye maneno mengi tulichungulia madirishani. Nesi alishuka akawapandisha. Lakini, na hapa ndipo ninapokwama kila nikimfikiria, kabla ya kuwaingiza ndani aliwasimamisha ukumbini akapekua mabegi yao yote. Hata la mtoto, lenye daftari na mwanasesere. Yule mume wa Kirundi alimtazama tu, na jasho la kukimbia bado limemlowa. Alipomaliza kupekua aliwapa kitanda chake, na yeye akalala kwenye beseni la kuogea, kwenye kauri, mpaka fujo zikapoa. Niambie huyo ni mtu wa namna gani.

Desemba ya mwaka huohuo ndipo alipokwenda Moroko mara ya kwanza. Jozi mwezi wa Desemba inakuwa tupu. Wazulu wanakwenda kwao, Wazungu wanakwenda baharini, sisi tunabaki kulinda jengo. Tulisikia tu Nesi amefunga mlango na hakurudi kuusukuma. Mama Zuhura aliacha karai akapanda juu kuhakikisha.

Aliporudi alikuwa na kibegi kilekile kidogo, na hakumletea mtu hata tende moja. Mtu anatoka nchi ya Waarabu bila tende. Hilo nalo tuliliweka akilini.

Lakini kusimulia alisimulia, akiulizwa akiwa amekaa. Akiwa amesimama hajibu. Alisema Marakeshi kuna kiwanja kikubwa wanacheza na nyoka, na kuna mtu anakuwekea kima begani halafu hamtoi mpaka mwelewane. Nikamuuliza, wewe ulifanyaje. "Nilimwambia, basi nimempata, nakwenda naye. Nikaanza kuondoka na kima. Mwenye kima alinikimbilia mwenyewe." Sokoni kila kijana alimwambia njia hii imefungwa, pita huku, na huku ni dukani kwa baba yake. "Basi mimi nikawa napita njia zilizofungwa," akasema. "Nzuri sana. Hazina watu."

Kisha akasema hakukaa mjini. Alipanda milimani, mahali panapoanguka theluji, akapanga chumba kwa bibi mmoja mwenye chale za rangi kidevuni, ambaye Kiarabu hakijui. Hapo Mama Zuhura akaweka mwiko chini.

"Mwislamu, katika nchi ya Waarabu, hajui Kiarabu?"

"Hajui. Wao si Waarabu. Ni Waberberi, na wenyewe wanajiita Waamazighi. Walikuwapo hapo kabla Waarabu hawajafika. Wana lugha yao."

"Uongo huo. Mwislamu gani hajui Kiarabu?"

"Wewe unakijua?"

Mama Zuhura akageuza kitumbua ambacho hakikuwa kimeiva.

Mimi pia sikuamini. Kwetu Tanga Mwarabu namjua, ana duka, ana mizani, na theluji hana. Nikaomba picha. Nesi akanipa simu yake. Nikaona nyumba za udongo mwekundu zimebandikana mlimani, nyumbu amefungwa, birika, mkate mpana, ukuta wenye alama kama mtu aliyenyanyua mikono na kupanua miguu. Alama ile sikuipenda. Nikauliza ni ya uganga? Akasema ni herufi yao, wanaichora kuonyesha kwamba wapo. Lakini jambo lililonikaa zaidi ni kwamba katika picha zote zile, yeye mwenyewe hayumo. Hata kivuli. Nikamwambia Rehema picha kama hizi mtu anaweza kuzipata popote. Rehema akasema, "Baba, yuko peke yake. Angempa nani simu ampige? Yule?" Kweli, nikafikiri, simu yake hawezi kumpa mtu. Lakini sikuacha kushuku. Niliongeza tu hilo juu ya mengine.

Kubwa kuliko yote, na hili ndilo lililomgombanisha na jengo zima, Nesi habebi mzigo wa mtu. Pengine msomaji hajakaa ugenini, kwa hiyo nieleze. Sisi, mtu akisafiri, amesafiri na begi letu sote. Wewe unatia kanga ya mama, yule anatia dawa ya baba, jirani anatia kifurushi cha mtu atakayekuja kukipokea kiwanja cha ndege. Msafiri anabaki na pembe moja ya kuweka shati lake. Kukataa ni kama kukataa mkono wa salamu. Na Moroko tulikuwa na watu: vijana wanaosoma, wacheza mpira, waliokwama wakielekea Ulaya. Kila Desemba wakaja na vifurushi mlangoni kwa Nesi, na kila Desemba aliwaambia neno moja, hapana, bila samahani.

Mimi nikajumlisha. Mtu hana nafasi ya kifurushi, anabeba nini? Anakwenda kila mwaka, peke yake, halafu hataki mtu aguse begi lake. Miaka ile vijana wetu walikuwa wakishikwa viwanjani na unga wa kulevya tumboni, na mwanamke mtu mzima mwenye sare ya unesi nani atamshuku? Nilimshuku mimi. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mama Zuhura tu, ambaye ni sawa na kulitangaza msikitini.

Ukaja mwaka 2012, Rehema akaniambia, tena amepiga magoti, jambo ambalo watoto wa Jozi hawafanyi tena, "Baba, Nesi amekubali niende naye."

Niliweka chai chini. Nikasema hapana. Akasema ameshapata viza. Nikasema viza siyo mimi. Tulinuniana nyumba nzima, na nyumba yetu ni chumba na pazia. Akaniambia, "Tangu mama afe sijatoka nje ya mji huu ila kwenda kumzika." Hilo lilinipiga. Nikasema ngoja nifikiri, na kufikiri kwangu kukawa ni kumvizia Nesi. Nilimfuata mara moja mpaka kituo cha treni ya haraka ya Sandton, nikiwa na kofia zangu begani. Aliketi kwenye benchi, bila kugeuka akasema, "Baba Rehema, kama unakwenda Sandton kaa, treni inakuja." Nikakaa. Tukaenda mpaka Sandton wawili, nikauza kofia mbili huko.

Mwisho nilikubali. Siyo kwamba nilimwamini. Niliona nikikataa mwanangu ataondoka siku moja bila kuniuliza.

Siku ya safari, asubuhi, akaja kijana mmoja muuza simu wa ghorofa ya chini. Ni mtu wa Tanga, mitaa ya kwetu kabisa, bibi yake na mama yangu walichota maji bomba moja. Ananiita mjomba. Akaleta kifurushi kimefungwa selotepu vizuri, akasema ndugu yake yuko Kasablanka amepata mtoto, ni nguo za mtoto. "Atakuja mwenyewe kiwanjani, mjomba, Rehema hatasumbuka." Nikapokea. Ningemkataliaje mtu wa nyumbani? Nikakitia kwenye begi la Rehema kwa mikono yangu, katikati ya nguo, nikafunga zipu. Macho yangu yote yalikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwenye mlango wa Nesi.

Nesi akatoka na kibegi chake. Hakusalimia. Akasema, "Lete begi hapa."

Akapiga magoti ukumbini akalifungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja anakipanga sakafuni juu ya kanga. Sketi, sweta, nguo za ndani za binti yangu mbele ya majirani. Rehema akafunika uso. Mama Zuhura alikuwa keshapanda, na mwiko mkononi. Nesi akafika kwenye kifurushi, akakipima kiganjani.

"Hiki cha nani?"

"Changu, Shangazi," yule kijana akasema. Alikuwa bado yupo, amesimama kwenye ngazi. "Nguo za mtoto tu."

"Basi zifungue tuzione. Watoto wa siku hizi wanavaa vizuri."

"Nimeshafunga, Shangazi. Nani atanifungia tena?"

"Mimi nina selotepu."

Kijana akanitazama mimi. "Mjomba, kweli? Mimi wa kupekuliwa? Mimi na wewe?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikamwambia Nesi, "Dada, huyu ni mtu wa nyumbani."

"Nimesikia. Kama hakifunguki, Rehema hasafiri na mimi."

Nilitegemea kijana akasirike. Angekasirika ningemtetea. Hakukasirika. Alishuka ngazi mbili, akachukua kifurushi mkononi mwa Nesi taratibu, akasema, "Sharp, hamna tabu, nitamtumia kwa njia nyingine," akaenda zake. Mpaka leo sijui ndani mlikuwa na nini. Huenda zilikuwa nguo za mtoto. Tuliendelea kuishi naye jengo moja, anasalimia vizuri, na habari za mtoto huyo sikuzisikia tena.

Ndipo Nesi akasukuma kibegi chake kwangu kwa mguu. "Sasa na langu."

"Sitaki."

"Unataka tangu 2008. Fungua."

Nilifungua. Mzee mzima, nagusa magauni ya mwanamke wa watu huku Mama Zuhura akihesabu pumzi zangu. Nilipapasa mpaka bitana, maana kama ni aibu tayari nilikuwa nimeshaiingia. Hamkuwa na kitu. Nguo, msala, mafuta ya mgongo. Nikafunga. Lakini nitasema kweli, hata pale sikutulia. Nilijiuliza, mtu anayejua kupekua hivi, amejifunzia wapi? Upande upi wa meza ya ukaguzi?

Wakaenda. Rehema alituma ujumbe kwamba ndege ya pili imechelewa, wako salama. Alirudi amenenepa, anamimina chai kutoka juu kama anamwagia mche, na picha alikuwa nazo tele. Humo Nesi yumo. Nesi juu ya nyumbu. Nesi na yule bibi wa kidevu wamekaa chini wanavunja kokwa za miti, hawana lugha hata moja ya pamoja, wote wawili midomo wazi kwa kicheko. Miaka minne nilikuwa sijayaona meno ya mwanamke huyu. Nikamuuliza Rehema kule wanamwonaje. "Wanadhani sote ni Wasenegali," akasema. "Na wanasema 'nyinyi Waafrika', kama wao wako mahali pengine. Nesi anasema afadhali kule, hajui matusi yao."

Wakaenda tena mwaka uliofuata. Nami nikaendelea kumtazama, ila sasa nilimtazama kama unavyotazama mbingu ya mvua mwezi wa Novemba, kwa mazoea.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa kirefu ni Desemba 2014. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, Sandton keshaacha, anatembea na fimbo. Aligonga kwangu jioni, akaketi kiti cha karibu na ukuta, mgongo ukutani kama kawaida yake. Rehema alikuwa nyuma ya pazia anafunga begi. Safari hii alikuwa anakwenda Moroko peke yake, bila Nesi.

Nikamtilia chai. Akaishika bila kuinywa.

"Mwaka ule wa kwanza na Rehema," akasema, "ndege haikuchelewa."

Nikaweka birika chini.

"Tuliposhuka kubadilisha ndege, walimtoa Rehema kwenye mstari. Msichana, mweusi, katoka Jozi, pasi ya Tanzania. Walimwingiza chumbani. Walikata bitana la begi kwa kisu. Walimvua viatu wakavikunja. Ndege ikaondoka. Mimi nilikaa sakafuni nje ya mlango ule, wakaniambia mama panda, nikawaambia siwezi, nina mtoto humo."

Pazia lilitulia. Nikajua Rehema anasikia.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungemfungia ndani mpaka azeeke."

"Na wewe ulijuaje, Nesi? Siku ile, kifurushi. Ulijuaje?"

"Unataka nikwambie niliwahi kubeba, au niliwahi kumbebesha mtu?"

"Lipi kweli?"

"Sijui," akasema, na macho yake yakaondoka kwangu yakaenda dirishani. Lile lilikuwa jibu la nusu. Nilimjua kiasi cha kulitambua. Sikumuuliza tena. Nilichokuwa nimebaki nacho kichwani ni binti yangu amesimama bila viatu mbele ya watu wenye kisu, na kifurushi cha mtu wa nyumbani, kama ningeachiwa nifanye nilivyotaka, katikati ya nguo zake.

Mlango ukagongwa. Mama Zuhura. Amejifunga kanga mpya, ana mfuko wa plastiki, na mle ndani karatasi imeshalowa mafuta. Mtoto wa dadake alikuwa amekwenda kusoma Rabati mwezi uleule.

"Baba Rehema, visheti hivi vya mtoto. Nimevikaanga sasa hivi. Hana atakayempikia huko, masikini."

Vilikuwa visheti. Vilinukia iliki ukumbi mzima. Mwanamke huyu ndiye aliyetupikia siku zote za arobaini ya mke wangu, akapandisha masufuria ghorofa nne bila lifti. Nesi hakugeuka. Rehema alitoa kichwa kwenye pazia.

Nikasema, "Hapana, Mama Zuhura."

"Hapana nini?"

"Hatabeba."

Akamtazama Nesi, akanitazama mimi. Akafungua mfuko akachukua kisheti kimoja akakila mbele yangu, akitafuna polepole, akinikazia macho. Nikarudia hapana. Alifunga mfuko, akashuka, na mpaka Ramadhani hakuitikia salamu yangu.

Nikaingia nyuma ya pazia. Nikamwambia Rehema atandike kanga chini, atoe vyote tuvione.